Uboho wa Watu Wawili

Wanawake wengine wa mtaa wetu wa Obunga walinyang'anywa waume na wasichana wa baa. Mimi wangu nilinyang'anywa kwenye benchi la hospitali, mchana kweupe, na mjane mwenye bandama iliyovimba. Nikisema hivi watu hucheka. Na wacheke. Mimi sikucheka wakati ule na sicheki sasa.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alichomelea trela za miwa kule Muhoroni, na kila Jumamosi aliteremka Kisumu na mashati yaliyotobolewa na cheche. Mimi nilikaanga mgongo wazi hapa Obunga, ile mifupa ya samaki wa mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa ipelekwe Ulaya. Ulaya wanakula nyama, sisi tunanyonya mfupa, na mfupa ni mtamu, asikudanganye mtu. Watoto wetu walikuwa shuleni na hatukulala njaa.

Katikati ya miaka ya tisini alianza kukonda. Jasho lilimtoka mpaka shuka zikawa za kukamuliwa, na tumbo likafura upande wa kushoto, chini ya mbavu. Miaka ile mtu akikonda Kisumu majirani hawakuuliza anaumwa nini. Walikuwa na jibu lao tayari, na walilionyesha kwa kuacha kununua samaki kwangu. Mama mkwe alisema si ukimwi, ni chira, kwamba kuna mwiko wa boma tuliouvunja, akamleta mzee mmoja amchanje kwa wembe pale penye uvimbe. Damu ikatoka, ikakataa kukoma. Hapo ndipo tulipokimbilia hospitali, na huko tukaambiwa si ukimwi wala chira. Ilikuwa saratani ya damu, ile inayokwenda polepole. Niliposikia "polepole" nilimshukuru Mungu, mjinga mimi.

Daktari wa damu alikuwa akija kutoka Nairobi mara moja kwa mwezi. Alikuwa mpole, mtu wa kueleza. Alituambia kwamba damu hupikwa ndani ya mfupa, katika uboho, na kwamba kwa mume wangu kulikuwa na chembe nyeupe zilizoasi. Zilizaana bila kuambiwa basi, zikajaa hadi chembe nyingine zikakosa pa kukaa. Vidonge alivyokuwa navyo vingezipunguza kwa muda, lakini havikuwa vya kuzimaliza. Na ili ajue hali ikoje huko ndani, ilibidi atoboe mfupa wa nyonga kwa sindano nene na kuvuta uboho wenyewe.

Siku ya kwanza niliingia naye nimshike mkono. Mimi navunja mifupa kila siku, nikajiambia, nitaogopa nini? Sindano ilipopita kwenye mfupa nilisikia ule mlio, nikamwona mume wangu anauma blanketi, halafu sikuona tena kitu. Muuguzi alinikokota nje. Nilipopata fahamu nilikuwa kwenye benchi la ukumbini, mlango uko wazi, na mkono wa mume wangu umeshikwa na mwanamke nisiyemjua.

Hakuitwa na mtu. Alikuwa ndiye anayefuata kwenye foleni, akaona mimi nimeanguka, akaingia zake.

"Usibane pumzi anapovuta," alikuwa akimwambia. "Piga kelele, Fundi. Kwani kuna anayekudai ushujaa hapa?"

Na mume wangu akacheka. Sindano imo mfupani, naye anacheka! Miaka yote niliyoishi naye hajawahi kucheka hata akikatwa ukucha.

Yule mwanamke alikuwa mjane wa mtaa wa Manyatta aliyeuza mitumba. Ugonjwa wake ulikuwa ule ule, aina ile ile, na tumbo lake lilikuwa kubwa kuliko la mume wangu. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, na huyo alikuwa Amerika akifanya kazi. Hakuwa mzuri wa sura. Nalisema hilo kwa sababu nililichunguza sana. Meno yalikuwa yamepishana, sauti yake ya kuuzia nguo ingeweza kusikika mpaka Kondele. Ningemwelewa mume wangu zaidi kama angekuwa mzuri.

Tangu siku hiyo siku ya kliniki ikawa sikukuu yao. Mume wangu alinyoa ndevu. Alipiga viatu rangi, mtu ambaye kanisani alikwenda na vumbi. Wakifika waliwekeana nafasi kwenye benchi, na mazungumzo yao ndiyo haya, nilikuwa nayasikia kwa masikio yangu:

"Uboho wako uko vipi mwezi huu, nyaminwa?" Nyaminwa ni dada yetu, kwa Kijaluo.

"Umejaa pomoni, Fundi. Hakuna hata pa kupitisha sindano. Na wako?"

"Wangu, daktari anasema umepungua kidogo."

"Basi unajivuna!"

Wanacheka. Uboho! Watu wengine wanatongozana kwa macho na nywele, hawa wawili walikuwa wakiulizana hali ya ndani ya mifupa yao, mahali ambapo mimi mke wa ndoa sikuwahi kufika. Siku moja nilimpelekea samaki, ngege wa kuchemsha, nimemchagua mwenyewe ufukoni, na nikamwona anamega kichwa, kile kichwa ninachomwekea yeye, anampa yule mwanamke. Naye akakipokea, akakinyonya mpaka macho.

Tulipofika nyumbani nilimuuliza, "Mnaongea nini siku zote nyinyi wawili?"

"Mambo ya ugonjwa."

"Niongelee mimi, basi. Mimi si mkeo?"

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniudhi kuliko angenitukana. "Mama watoto, wewe hujui. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti."

Nilimwambia basi akale kwa maiti mwenzake. Nikafunika sufuria.

Kisha yule mwanamke akaenda Amerika. Mwanawe alimtumia tiketi, kulikuwa na matibabu huko. Yawa, nilifurahi! Mume wangu alirudi kutoka kliniki amenywea, ndevu akaziacha ziote, na mimi nikawa napika nikiimba. Nilimwona akikaa mlangoni na ule uvimbe wake chini ya mbavu, hana wa kumuuliza uboho uko vipi. Nilimuuliza mimi. "Uboho uko vipi?" Akasema, "Uko tu."

Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na tisa nilimwona yule mwanamke sokoni. Sikumtambua mpaka aliposikika. Tumbo lilikuwa limetoweka, mashavu yamejaa, anapanga mitumba yake mezani na kuita wateja. Nilirudi Obunga na karai tupu kichwani, sikununua hata chumvi. Na mwezi ule ule ndevu za mume wangu zikanyolewa.

Nilisusia kliniki. Niliapa sitakwenda tena kukaa kwenye benchi lile kuwatazama. Kwa hiyo walichozungumza miezi ile sikukisikia, na hapo ndipo nilipoponzwa na hasira zangu. Nilichoona ni mume wangu akibadilika nyumbani. Alianza kula. Jasho likakatika. Uvimbe chini ya mbavu, ambao nilikuwa nikiupapasa akilala, ukawa unarudi ndani. Akaanza kuchomelea vilango vya watu hapa mtaani na kupiga mluzi. Mke mwenye akili angepiga magoti kushukuru. Mimi kila alipopiga mluzi nilijiuliza anampigia nani.

Siku moja nafua shati lake nikakuta mfukoni kapsuli imefungwa kwenye kipande cha nailoni. Haikufanana na vidonge vyake vya hospitali. Nilimwonyesha jirani yangu, mama mmoja anayejua mambo ya watu wote, akaigeuzageuza, akainusa.

"Ametoka kwa mwanamke nayo?"

"Najuaje!"

"Hiyo ni dawa ya mapenzi. Siku hizi hawatii kwenye chai, wanatia kwenye kapsuli, mwanamume anameza akidhani ni dawa. Mumeo amenenepa?"

"Amenenepa."

"Anacheka ovyo?"

"Anapiga mluzi."

"Ehe!" akasema, na alikuwa amemaliza.

Niliamini. Nani asingeamini? Niliifunga ile kapsuli kwenye pembe ya leso yangu, na siku ya kliniki nikamwambia mume wangu leo nakusindikiza. Alisita, lakini alisema sawa.

Yule mwanamke alikuwa benchini, akanisalimu kwa heshima, "Habari ya siku nyingi, mama." Sikumjibu. Tuliitwa wote pamoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Daktari alikuwa amekaa na darubini mbele yake na uso wa mtu aliyehesabu kitu kikamkatalia.

"Mzee," alimwambia mume wangu, "mwezi uliopita nilivuta uboho wako. Kwa vidonge ninavyokupa, sikutarajia nilichokiona. Chembe zimepungua, kuna nafasi, hata mafuta ya kawaida ya uboho yameanza kurudi. Nifurahi, lakini nataka kujua unatumia nini kingine."

Mume wangu akatazama sakafu. Yule mwanamke akatazama dirisha. Nikasimama.

"Analishwa!" nikasema. "Analishwa dawa ya mapenzi na huyu hapa! Mimi nimemzalia, nimemfulia, nimemfuta jasho, halafu huyu na mitumba yake anakuja kumroga mume wangu mbele ya serikali!" Nikafungua pembe ya leso, nikaitupa ile kapsuli mezani.

Daktari aliiokota. Aliitazama kwa muda, akaivua miwani, akaivaa tena. Hakunigombeza.

"Mama, hii si dawa ya mapenzi. Hii ndiyo dawa mpya anayopewa huyu mama kutoka Amerika. Bado inajaribiwa, haiuzwi popote. Inatafuta zile chembe mbovu peke yake, nyingine inaziacha." Akamgeukia mwanamke. "Umekuwa ukimgawia?"

"Nusu kwa nusu," alisema yule mwanamke. Hakulia wala kujitetea. "Tangu niliporudi. Wazungu wamenipa za kutosha mpaka nitakaporudi kwao, nikaona siwezi kukaa naye benchi moja mimi nina dawa yeye hana."

Na kwetu ndivyo ilivyo, asiwalaumu mtu. Mtoto wa jirani akishikwa na malaria unamkatia kwenye vidonge vyako, mkipona mnapona wote. Hakuna Mjaluo anayeficha dawa mgonjwa mwenzake akiwa anatetemeka.

Daktari alisema hii haikuwa malaria. Akatuita kwenye darubini. Alikuwa na vioo viwili, kimoja cha uboho wa mume wangu na kimoja cha yule mwanamke, maana alikuwa ameombwa na madaktari wa Amerika amfuatilie. Hata mimi alinipa nitazame. Wa mume wangu nilikuwa nimeonyeshwa mwaka mmoja kabla, nukta za zambarau zimebanana kama dagaa kwenye debe. Sasa zilikuwa zimeachana, ukaona na weupe katikati. Nikasogea, akabadilisha kioo. Wa yule mwanamke ulikuwa bado na nafasi, lakini upande mmoja nukta zilikuwa zimeanza kurundikana.

"Alipotoka Amerika ulikuwa safi," daktari alisema. "Nusu dozi haiwatoshi wote wawili. Inaweza hata kuzizoesha chembe mbovu hii dawa, baadaye ikashindwa kabisa. Huyu mama akirudia dozi yake kamili sasa hivi, natumaini ataudhibiti ugonjwa tena. Mkiendelea kugawana, sijui nitampoteza nani kwanza."

Mume wangu alitazama kioo chake mara moja tu, haraka. Kioo cha yule mwanamke alikiinamia mpaka daktari akamgusa bega. Nilisimama nyuma yake nikimwona anavyomtazama ndani ya mifupa, na nikatamani kumvuta shati.

Alipoinuka alisema, "Basi. Mimi nimeacha."

"Fundi, acha ujinga," mwanamke akasema.

"Nimeacha, nyaminwa. Siwezi kula kinachotoka kinywani mwako."

Tulitembea mpaka kwenye meza yangu ya samaki. Hapo nikapasuka. Mafuta yalikuwa hayajawekwa motoni, wateja wananingoja, na mimi napiga kelele kama nimefiwa. Nilimuuliza, na sisi? Watoto wake wale watalelewa na nani? Mwanamke amempa kwa hiari yake, kwa mikono yake miwili, ana mtoto tajiri Amerika, wazungu watampa nyingine! Kwa nini afe yeye ndipo huyo aishi?

"Hawatampa nyingine," alisema. "Hii ikishindwa mwilini mwake, basi. Umemsikia daktari."

"Nimemsikia. Nimesikia pia kwamba mimi nitakuwa mjane ili mjane wa Manyatta anenepe!"

"Mama watoto, mimi nilishakuwa mgonjwa wa kufa kabla hajanipa. Nimerudi tu nilipokuwa."

"Ungemfanyia hivyo mtu mwingine? Ungenifanyia mimi?"

Alifikiri. Laiti angenidanganya! Alisema, "Sijui. Wewe hujawahi kuniomba kitu ambacho nilihitaji kukifikiria."

Siku chache baadaye yule mwanamke alikuja Obunga mwenyewe, kwa baisikeli ya boda boda, na chupa yake ya dawa ndani ya mkoba. Nilimkaribisha. Ndiyo, mimi. Nilimpa kiti, nikampa chai, na sisi wawili tukamkabili yule mwanamume kwa sauti moja. Yeye alisema angalau robo, Fundi, angalau siku moja moja. Mimi nikasema msikilize dada yako, kwa jina la Nyasaye Mungu wetu msikilize. Nililitamka neno dada, likaniwasha mdomo kama pilipili. Akamkatalia yeye na akanikatalia mimi. Lakini mimi aliniambia hapana na kugeuza uso. Yule mwanamke alisindikizwa naye mpaka barabarani, na walisimama huko kwa muda mrefu, na sikujua walichoagana.

Mwanamke akarudi Amerika kwa matibabu yake. Uboho wa mume wangu ukajaa tena. Hilo halikuhitaji darubini, nililiona mbavuni. Bandama ilishuka mpaka kitovuni, vidonge vya zamani havikufua dafu, na zile chembe zilizokuwa zinakwenda polepole zikaanza kukimbia. Nilimwogesha, nilimgeuza, nilimlisha uji kwa kijiko. Daktari alipotaka kumtoboa tena niliingia naye, nikamshika mkono, na safari hii sikuanguka. Nilimwambia, "Piga kelele, hakuna anayekudai ushujaa." Akafungua macho na kutafuta mlangoni, kuona ni nani aliyesema. Alipoona ni mimi aliyafumba.

Alifariki wakati wa mvua za vuli. Tulimzika kwao Seme, karibu na ziwa.

Kanisa letu halikupenda mambo ya kunyolewa, lakini mama mkwe hakuliuliza kanisa. Kwetu mume akifa, siku chache baada ya mazishi mke na watu wa boma hunyolewa nywele, ndipo msiba uanze kutoka mwilini. Ananyolewa aliye wa marehemu. Mgeni hanyolewi. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka chini ya ukuta wa nyumba, kitambaa nimekivua, mama mkwe anapaka sabuni kichwani mwangu, gari likasimama barabarani.

Alikuwa yeye. Habari ya msiba alikuwa ameipata alipotua Nairobi, akaja moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege. Alikuwa na afya, yawa, shingo imejaa, ngozi inang'aa. Alipita katikati ya shemeji zangu akilia kwa ile sauti yake, akaja mpaka mkekani, akaketi kando yangu bila kuambiwa karibu.

"Daktari wa kule anasema uboho wangu ni safi," aliniambia kwa sauti ya chini, kwa machozi. "Nilitaka kumwambia. Nilikuja nimwambie."

Kisha akavua kitambaa chake. Nywele zake zilikuwa nyingi, zimesukwa. Akainamisha kichwa karibu na changu, mbele ya boma zima, akamwambia mama mkwe, "Mama, na mimi."

Wanawake waliguna. Kila mmoja alijua anaomba nini. Mama mkwe alisimama na wembe mkononi, akanitazama mimi, maana neno lilikuwa langu.

Nilimwangalia yule mwanamke, kichwa chake kimeinama, mshipa wa shingo unapiga, damu safi inapita humo. Yote niliyomnyima mume wangu, na yote aliyoninyima, yalikuwa pale. Wivu ulinipanda, na sikutaka ushuke.

"Hapana," nikasema. "Wewe alikuachia uhai. Kilio niachie mimi."

Hakubisha. Alifunga kitambaa chake, akainuka kwa kushika ukuta, akaenda kukaa na wageni. Nami nikainamisha kichwa, nikamwambia mama mkwe aendelee.